Mgeni wa Busisi na Bilioni 716

Ukifika Busisi kwa mara ya kwanza utauziwa sato, utaonyeshwa kilipokuwa kikitia nanga kivuko, kisha utapewa namba. Sato utamkagua macho na mashavu. Namba hakuna anayeikagua, na hapo ndipo wageni huingizwa mjini.

Ni gharama ya Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025: shilingi 716,000,000,000. Tarakimu 12. Kikokotoo cha dukani chenye nafasi 12 kitaimeza ikijaa pomoni. Chenye nafasi nane usikisumbue. Ukubwa usikutishe. Zile sufuri tisa za mwisho ni 2 na 5 tu, kila moja ikizidishwa mara tisa. Tabia ya namba iko kwenye 716, yaani 4 mara 179, na 179 ni namba tasa: haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, hata ukimpelekea mhasibu wa halmashauri.

Jihadhari na tatu. Jumlisha tarakimu: 7, 1 na 6 ni 14. Kwa kuwa 14 haigawiki kwa 3, namba nzima nayo haigawiki. Basi akitokea mjuzi anayekutajia bei kamili ya kila mita kwa urefu wa mita 3,000, mwambie aonyeshe hesabu. Jibu ni 238,666,666 na sita nyingine zisizo na mwisho. Ukimbana atasema gharama hasa ni bilioni 718. Usilegee: 7, 1 na 8 ni 16, yale yale, isipokuwa sasa badala ya sita unafuatwa na tatu, 239,333,333 hadi uchoke.

Dawa ya wajuzi hawa ni kurefusha daraja. Wapo wanaosema ni kilomita 3.2, na ndani ya 3,200 hakuna 3, ni 2 na 5 tupu. Gawanya 716,000,000,000 upate 223,750,000 kamili, bila baki. Mita 200 zimeongezwa kwa mdomo, na kila mita imeshuka bei kwa karibu milioni 15! Kwa hiyo ukisikia bei ya mita iliyonyooka mno, uliza kwanza urefu umepimwa wapi hadi wapi.

Kuna na mjuzi wa noti. Kwa noti za elfu kumi ni noti milioni 71.6, ukihesabu moja kwa sekunde bila kula wala kulala, itakuchukua miaka miwili na miezi mitatu. Usimsimulie hilo mwenyeji aliyezoea foleni ya kivuko. Atakuuliza kama ndiyo hiyo tu.

Mkitaka kugawana kwa hesabu, muwe wawili, wanne, watano au 179. Mkiwa watatu zitabaki shilingi mbili, na Busisi hakuna wa kuwapa chenji yake.