Sifa za RAM

RAM, yaani Registre des Appareils Mobiles, ilikuwa makato ya simu yaliyoanza Kongo Septemba 2020. Katika historia ya kodi ni shida kupata tozo yenye huruma kama hiyo: mlipaji hakusumbuliwa hata kwa hodi. Mtu wa Katuba au Ruashi, mjini Lubumbashi, alitia mayunite, na RAM ikachukua fungu lake kabla hajasema "alo".

Viwango vyake vilikuwa vyepesi kukariri: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G. Kipato hakikuulizwa. Mkubwa wa kampuni ya shaba na mama anayeuza vitenge kwa picha za WhatsApp walikatwa sawasawa, na huo ndio usawa ambao wanasheria huuota.

Fadhila ya pili ni ulinzi. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilieleza kwamba RAM inapiga vita simu bandia na za wizi. Gharama za vita alibeba mwenye simu halali. Mwizi naye, akitia mayunite katika simu aliyoiba, alipandishwa cheo kuwa mlipa kodi.

Tatu, RAM ililihurumia Bunge. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. RAM ilikuja kwa amri ya serikali, kama malipo ya huduma, na wabunge wakapumzika.

Nne, iliwashinda majirani. Uganda ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, wengi walikwepa kwa VPN, hata mwaka 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando. RAM ilikaa ndani ya mayunite yenyewe. Haikuwa na mlango wa nyuma.

Mwisho, iliunganisha taifa. Vijana wa vuguvugu la kiraia la LUCHA na wabunge waliikataa kwa sauti moja. Lubumbashi ilikuwa na fahari ya ziada: waziri aliyeitetea, Augustin Kibassa Maliba, ni mwana wa Frédéric Kibassa Maliba, ambaye uwanja mkubwa wa mpira wa mji una jina lake. Mwaka 2021 Bunge lilimwita ajieleze. Mwanzoni mwa 2022 serikali ikayaondoa makato. Kuondoka ndiko kulikokuwa huduma ya mwisho ya RAM, na kwa hiyo peke yake hakuna aliyekatwa kitu.