Rudisheni ya Zamani!

Wamesifiwa majemadari, manahodha, mabibi harusi na hata farasi. Mtu anayeandika "mmeharibu" dakika tatu baada ya programu kubadilishwa rangi hajapata wa kumsifu. Huu ni uonevu, na leo nimeamua kuuondoa.

Namsema mlalamikaji wa mtandaoni, yule ambaye kampuni ya teknolojia haiwezi kusogeza kitufe hata kwa upana wa ukucha bila yeye kujua. Hamjui aliyekisogeza, hajaambiwa kwa nini kimesogezwa, na pengine kitufe chenyewe hajawahi kukibonyeza. Hukumu ameshatoa, nayo haina rufaa: rudisheni ya zamani. Tena hukumu hiyo anaigharamia mwenyewe. Ameunguza bando lake kupakua toleo jipya, na bando linalobaki analimalizia kuiambia dunia nzima kwamba hakulihitaji.

Tuanze na wepesi wake. Anayesoma habari hadi mwisho hufika kwenye maoni akakuta mjadala umeshakwisha, watu wameshatukanana, na admini ameshafunga mlango. Shujaa wetu husoma kichwa cha habari, na kikizidi mstari mmoja husoma nusu. Mkuu wa ukoo huu nitamtaja kwa jina, maana alisema hadharani. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple walipoonyesha iPod, Rob Malda, mwanzilishi wa Slashdot, kijiwe kikubwa cha wapenzi wa kompyuta wa Marekani, aliimaliza kwa vijisentensi vitatu: haiunganishwi bila waya, nafasi yake ni ndogo kuliko ya Nomad (kicheza muziki cha mshindani), haina lolote. Ukiyapima madai hayo, mawili ya kwanza yalikuwa na ukweli wake. iPod ilihitaji waya, na gigabaiti zake 5 zilipitwa na za Nomad. Alikosea la mwisho tu, kwani kifaa kile kiliuzwa kwa mamia ya mamilioni hadi Apple walipotangaza kukiacha mwaka 2022. Kupata mawili kati ya matatu, tena siku ileile, ni ufaulu ambao wachambuzi wengi wa soko la hisa wanauota tu.

Sifa ya pili ni kumbukumbu, na hapa lazima twende taratibu kwa sababu ndipo utamu ulipo. Tarehe 5 Septemba 2006, Facebook ikiwa bado kwa sehemu kubwa ni mali ya wanafunzi wa Marekani, watumiaji waliamka wakakuta ukurasa wa mwanzo umegeuka mbea: fulani kaachana na mpenzi wake, fulani kaweka picha, fulani kajiunga na kundi hili. Waliuita upelelezi. Mambo yenyewe yalikuwa yaleyale waliyokuwa wakiyaweka wenyewe, ila zamani ilibidi mtu atoke kwenda kuyachungulia kwenye ukurasa wa mwenzake. Sasa yaliletwa mlangoni. Ndani ya siku chache kundi la wanafunzi wa kuipinga News Feed, yaani mbea huyo, lilivuka watu 700,000, wakati Facebook nzima ilikuwa na watu milioni 9 au 10 hivi. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, kijana wa miaka 22, aliwaandikia watulie, wavute pumzi, wamesikika. Siku tatu baadaye akaomba radhi kwamba wamevuruga, akaongeza vidhibiti vya faragha. Mbea hakuondolewa.

Sasa jiulize kundi lile lilikuaje kwa kasi vile. Kila aliyejiunga, mbea yuleyule alikimbia kuwaambia rafiki zake wote kwamba fulani amejiunga na kundi la kumpinga mbea. Rafiki zake wakajiunga, naye akakimbia tena. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingeionyesha kampuni, kwa siku tatu, kwamba kifaa chake kipya kinafanya kazi barabara. Watu 700,000 waliujaribu mtambo, wakathibitisha uimara wake, na hakuna aliyedai posho.

Na kumbukumbu niliyoitaja? Mwaka 2008 Facebook ilibadilisha tena mwonekano, na makundi makubwa yakazuka kudai ile ya zamani. Ile ya zamani waliyoililia ilikuwa na mbea wa 2006, amekaa katikati ya ukurasa, ananenepa. Mlalamikaji hakumbuki alichokichukia. Anakumbuka alichokizoea, na hiyo ndiyo kumbukumbu inayomfaa, kwa kuwa angeikumbuka hasira ya jana asingepata nguvu za hasira ya leo.

Msidhani kazi yake ya bure iliishia hapo. Tazama maoni chini ya programu yoyote ya benki kwenye duka la programu. Yumo aliyetoa nyota moja na kueleza kwamba ametoa moja kwa sababu sifuri haipo. Yumo fundi zaidi yake, anayetoa nyota tano ili asomwe, kisha anaandika: "App mbovu kabisa, tangu mu-update haifunguki, hela yangu iko wapi?" Na chini yake wamejipanga wenzake wanaotaja aina ya simu, toleo la mfumo na saa ambayo kitu kilikwama. Taarifa za namna hii ofisini zina mtu anayelipwa mshahara kuzikusanya. Hapa zinaletwa bure, zikiwa na matusi kidogo kama kiungo.

Lakini asije mtu akasema hashindi. Februari 2017 WhatsApp ilitimiza miaka minane, ikasherehekea kwa kuufuta ule mstari mdogo wa maneno chini ya jina la mtu na kuweka mahali pake picha na video zinazotoweka baada ya saa 24, jambo lililokwisha kuzoeleka Snapchat. Huko California huenda waliona wamefuta kamstari tu. Huku kwetu mstari ule ulikuwa jina la kanga: ulivaliwa ili mtu fulani ausome, na aliyelengwa alijijua. Wifi akiandika "Kimya changu si ujinga" saa mbili usiku, upande wa pili wa ukoo ulielewa kwamba kikao cha harusi hakikuisha salama. Wengine waliweka aya, wengine Alhamdulillah, na walikuwepo waliochagua "betri inakaribia kuisha" siku walipojiunga na kukaa nayo miaka minne, simu ikichajiwa kila usiku. Ukiwapokonya watu mahali pa kutupia vijembe bila kutaja jina, unataka wagombane ana kwa ana?

Kelele zilipigwa dunia nzima, na kufikia katikati ya Machi kampuni ilikubali yaishe. Maneno yakarudi, safari hii yakiwekwa kwenye maelezo ya mwenye namba. Ule ulikuwa ushindi halali. Ila tazama zile picha za saa 24 zilizolaaniwa. Leo ndiko kunakouzwa madera, viatu vya mtumba, keki za kuagiza na viwanja "vilivyopimwa, hati mkononi". Waliolaani ndio wenye maduka.

Januari 2021 ikaja ile kubwa. WhatsApp ilitoa tangazo la masharti mapya ya faragha: ukubali kabla ya tarehe 8 Februari, au simu yako utabaki kuitazama. Elon Musk akaandika maneno mawili ya kuwahimiza watu watumie Signal, na wawekezaji wakakimbilia kununua hisa za Signal Advance, kampuni ndogo ya Texas ya vifaa vya tiba ambayo haikuwa na uhusiano wowote na programu hiyo; hisa ya senti 60 ikapanda hadi zaidi ya dola 38 ndani ya siku chache. Signal yenyewe ililemewa na wageni, na siku moja ikazimika kabisa. Wepesi, nilisema.

Kwetu kila ukoo ulikuwa na mjomba wake. Alianza kwa kusambaza ujumbe mrefu wenye herufi kubwa na alama za hatari, ukifuatwa na sauti ya dakika nne ya mtu asiyejulikana. Kisha akatoa tamko rasmi: "Wanangu hamjambo. Kuanzia wiki ijayo mimi nitapatikana Telegram." Mpwa mmoja akajibu: "Shikamoo mjomba. Telegram ndiyo ile ya sinema?" Kundi jipya likafunguliwa. Wakaingia vijana wawili watatu kwa heshima. Shangazi alikwama kwenye namba ya uthibitisho, akasema atajaribu Jumapili. Lakini orodha ya michango ya harusi ilibaki kule kule WhatsApp, jina la kila mtu na kiasi chake, ikinakiliwa na kubandikwa upya kila anayelipa anapoongeza alama ya tiki. Hakuna sera ya faragha yenye nguvu ya kumtenga mtu na orodha ya michango, hasa kama jina lake bado halina tiki. Mjomba alirudi kimyakimya. Hakuwa hata ametoka. Alikuwa akisoma muda wote.

Kampuni iliahirisha tarehe hadi 15 Mei, ikaeleza upya kwa maneno laini, na watu zaidi ya bilioni mbili wakaendelea kusalimiana asubuhi kwa picha za maua. Huo ndio uaminifu ninaousifu. Mpenzi wa kawaida akichoka huondoka bila kuaga. Mlalamikaji huaga kila mwaka, kwa herufi kubwa, kisha hukaa kusubiri majibu.

Hata hivyo kampuni isije ikalala usingizi kwa kumzoea, maana yupo aliyeondoka kweli. Digg ilianza mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa ndiko habari za teknolojia zilikopimwa kwa kura za watumiaji. Agosti 2010 ikaleta toleo la nne. Kitufe cha kuzika habari mbovu kikaondolewa, vyombo vikubwa vya habari vikapewa njia ya kujiingizia habari zao moja kwa moja, na tovuti yenyewe ikawa inaanguka kila mara. Walalamikaji hawakuandika barua. Walipigia kura viungo vya Reddit, mshindani, mpaka ukurasa wa mbele wa Digg ukajaa Reddit. Julai 2012 jina na tovuti viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks kwa dola zipatazo 500,000. Tofauti ya watu hawa na mjomba si ushujaa. Digg haikuwa na orodha ya michango. Mtu alikwenda pale kusoma na kubishana na asiowajua, na mlango wa pili ulikuwa wazi ukiwa na wabishi walewale.

Kampuni zilijifunza? Kidogo. Snapchat ilipojibadilisha, mapema 2018, watu zaidi ya milioni 1.2 walitia saini ombi la kurudishwa kwa ya zamani. Mkuu wake, Evan Spiegel, alisema malalamiko yenyewe yanaonyesha kwamba fikra iliyo nyuma ya mabadiliko ni sahihi, jibu ambalo nalihusudu, kwa kuwa ukishakuwa na jibu hilo huwezi kukosea tena maishani. Kisha tarehe 21 Februari Kylie Jenner, nyota wa televisheni wa Marekani, akauliza mtandaoni kama ni yeye peke yake ambaye hafungui tena Snapchat. Thamani ya kampuni ikapungua kwa takriban dola bilioni 1.3 siku iliyofuata. Katikati ya mwaka huo watumiaji wa kila siku wakashuka kutoka milioni 191 hadi 188, na kampuni yenyewe ikautaja mwonekano mpya kuwa sababu. Saini milioni 1.2 zilikuwa zimesema jambo lilelile, tena kwa adabu zaidi, ila wenye saini hawakuwa na wafuasi.

Hapo ndipo sifa zangu kwa mlalamikaji zinapoingia doa. Kadiri kelele ya wengi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyowafaa zaidi wanaopigiwa, kwa sababu anayepiga kelele yumo ndani, anafungua, anasukuma skrini, anaonyeshwa matangazo kati ya tusi na tusi. Julai 2023 Twitter ilipobatizwa X, watu wengi waliapa kuihama X, na kiapo wakakila humohumo X, ambako kililaikiwa sana.

Wakenya walipiga kelele zao za kawaida siku za mwanzo, wakamaliza. Ndege wa bluu alikuwa ameondolewa, na mwaka uliofuata hata anwani ikabadilishwa. Lakini wao kwa muda mrefu walijiita KOT, Wakenya wa Twitter, na hawakuona sababu ya kuchapisha kadi mpya za uanachama. Jambo likitokea Nairobi asubuhi, bado utasikia KOT wameshalishughulikia. Hakuna aliyeitisha mgomo na hakuna aliyetia saini popote. Mwenye nyumba amebadilisha kibao cha mlangoni kwa gharama zake, na wapangaji wanaendelea kusema Twitter.