Nukta ya Mwezi wa Tatu

Kikoba chetu kina wanachama thelathini na daftari moja, na daftari hilo halijawahi kukosea. Siku niliyochaguliwa kuwa mweka hazina, mwenye akili timamu angefungua daftari. Mimi, kwa kuwa nafundisha hisabati, nilifungua Mathematica, programu ya hesabu.

Nilitaka kujua mfuko utayumba kiasi gani wanachama wakichelewesha marejesho. Nikaamua kuuigiza mwaka mzima wa kikoba mara 200,000. Hakuna aliyeniomba.

Kwa kazi kama hiyo programu huanza kukokota miguu, na dawa yake ya miaka mingi ni Compile. Unaitajia kila kinachoingia ni cha aina gani, nayo inaipika fomula mapema ili isiulizeulize njiani. Aina inazozijua ni nne: namba kamili, namba halisi, namba changamano, na kweli au si kweli. Usipotaja, inachukulia ni halisi. Idadi ya miezi ya mkopo niliitaja kuwa namba kamili, kwa sababu hakuna anayerejesha mara tatu na nusu (yupo mmoja, lakini tumemzoea). Nikajaribu kwa kuandika 3 tupu, na jibu likaja kabla sijainua kidole.

Kisha nikaingiza faili la Excel la katibu.

Saa nne usiku kompyuta ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Nikailetea feni. Nikaipangusa vumbi kwa mswaki, ambao kumbe ulikuwa wa mtu. Nikaulaumu umeme, halafu joto, halafu watoto kwa michezo yao. Mama Neema akapita na kuuliza, "Baba Neema, hilo daftari limekukosea nini?"

Alfajiri ndipo nilipopandisha skrini hadi juu. Kulikuwa na maonyo matatu yaleyale, yakisema kwamba 3. ilipaswa kuwa namba kamili, na la nne likiarifu kuwa mengine ya aina hiyo yatanyamazishwa. Itazame vizuri hiyo 3. Ina nukta. Namba zinazotoka Excel huingia Mathematica zikiwa halisi, hata kama katibu aliandika tatu tupu. Fomula yangu iliyopikwa ilikuwa inaiona nukta, inaikataa, kisha kwa adabu inarudi kupiga hesabu kwa njia ya zamani, pole pole, na kutoa jibu sahihi. Usiku mzima nilikuwa naipepea nukta kwa feni.

Kwa hasira nikakadiria faili zima kuwa namba kamili. Kila safu. Ikakimbia! Hakuna onyo hata moja. Saa mbili asubuhi nikamtumia mwenyekiti matokeo: mfuko imara, wanachama hawana mzigo.

Hawakuwa na mzigo kweli. Riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi, yaani 0.1, na 0.1 ukiikadiria kuwa namba kamili ni sifuri. Hapo ndipo nilipoijua tabia ya Compile: namba halisi ikibisha hodi kwenye mlango wa namba kamili itafukuzwa kwa kelele, lakini namba kamili ikiingia mlango wa namba halisi inakaribishwa kimya kimya, na kiti inapewa. Ile sifuri ilikaa.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili. Niliweka fomula ya kawaida mlangoni, inayopokea kitu cha aina yoyote, inaikadiria miezi peke yake, riba inaiacha kama ilivyo, ndipo inaikabidhi ile iliyopikwa. Dakika chache, kazi imekwisha.

Jumapili nikasimama kwenye kikao na takwimu mpya. Mama Salome, mwenyekiti wetu, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwalimu, hiyo nzuri. Lakini ile ya kwanza tulishaisoma na kuipigia makofi. Hatuwezi kubaki nayo?"