Jinsi ya Kupoteza Pumzi kwa Wiki Tano

Hongera. Mashindano ya dunia yamekwisha na kayaki yako imeshafunikwa turubai. Karibu miezi 11 umekuwa ukiamka gizani kupiga kasia. Sasa fuata maelekezo haya.

Kwanza, acha kila kitu. Usipunguze, acha! Ndani ya siku chache plazma, ile sehemu ya maji ya damu, itaanza kupungua. Moyo utasukuma damu kidogo kwa kila pigo, hivyo utalazimika kudunda haraka zaidi kwa kazi ileile. Usishtuke: umelala, moyo unakufanyia mazoezi.

Ukiwa na shaka, tazama Hispania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wapiga kayaki 14 wa kiwango cha juu kwa wiki 5 baada ya msimu. Walioacha kabisa walipoteza takriban asilimia 10 ya uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni. Wenzao walifanya mazoezi mara 3 tu kwa wiki, mara mbili ya pumzi na moja ya kunyanyua vyuma, wakapoteza kama nusu ya hapo. Wavivu hata wa uvivu, hao. Usiwaige.

(Kupumzika kwenyewe si kosa. Bega lililozungushwa mwaka mzima lina haki ya likizo, na kichwa pia. Ila hapa hatuzungumzii bega, tunazungumzia kochi. Na kati ya kocha na kochi ni herufi moja tu.)

Mtu akikutajia Bálint Kopasz wa Hungaria, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa kayaki ya mtu mmoja, mita 1000, kwa dakika 3 na sekunde 20.64, huku wa pili akiachwa kwa sekunde zisizofika 2, badilisha mazungumzo haraka. Uliza habari za mpira.

Majira ya baridi yakifika, timu za kaskazini mwa Ulaya hukimbia barafu na kwenda kupiga kambi Sevilla, kwenye mto Guadalquivir. Huo ndio wakati wa kujenga: kilomita nyingi, mwendo wa taratibu, kabla ya kasi ya masika. Wao watakuwa wanapandisha ukuta. Wewe utakuwa unafukia shimo ulilolichimba mwenyewe kwa wiki 5.

Kocha akiuliza nani alikushauri, jina langu usilitaje.