Jiwe la Mili Ngapi? Mwongozo kwa Anayejenga Jiko la Nje

Hongera. Nyumba imekwisha, ukuta umepakwa rangi, na sasa mnataka jiko la nje: kaunta ya jiwe, sinki, na mahali pa kuchomea nyama. Kwamba jiko la nje mlikuwa nalo tangu mlipohamia, yaani mafiga matatu chini ya mwembe, usilitaje mbele ya fundi. Atakudharau, na bei haitashuka.

Kwanza, nenda dukani ukaulizwe. Swali ni moja: "Bosi, unataka mili ngapi?" Jibu upesi, kama mtu aliyenunua mawe maisha yake yote. Kwa graniti, mara nyingi utaonyeshwa mili 20 na mili 30. Ukisema 20, muuzaji atanyamaza kidogo na kutazama viatu vyako. Ukimya ule ni sehemu ya biashara. Usiuvunje kwa kusema "basi 30." Utasema tu, lakini mimi nimeshakuonya.

Kabla hujatoa malipo ya awali, piga hesabu. Graniti ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60, ikiwa ya mili 20, inakaribia kilo 97. Ya mili 30 inafika karibu kilo 146. Uzito umeongezeka nusu, lakini uwezo wa jiwe kustahimili kuvunjika umezidi mara mbili, kwa sababu uwezo huo hufuata mraba wa unene. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kununua jiwe nene, na dukani hutaisikia. Dukani utasikia "Mili 30 ina heshima, bosi." Ukweli ni kwamba jiwe likilala juu ya kuta za tofali zilizo karibu karibu, mili 20 inatosha kabisa. Tahadhari: usiieleze hoja hii mbele ya shemeji zako. Watachanga fedha wakusaidie.

Sasa jifunze siri ya ukingo, maana hapa ndipo ilipo elimu yote. Unene wa jiwe huonekana mahali pamoja tu, pale mbele, mgeni anapoegemea. Kwa hiyo fundi hukata ukanda mwembamba wa jiwe lile lile, akaubandika kwa gundi chini ya ukingo, akapiga msasa na polishi mpaka kiungo kipotee. Mili 20 imekuwa mili 40 kwa jasho la alasiri moja. Mgeni atapitisha kidole gumba pale na kusema, "Hili jiwe!" Wewe utaitikia kwa unyenyekevu. Yeye kwake ana ukanda kama huo, na wewe unajua, na anajua unajua. Sheria ni kwamba hakuna kuinama. Anayechungulia chini ya kaunta ya mwenzake amevunja undugu. Ndani ya nyumba mapatano haya hudumu miaka mingi. Nje kuna jua na mvua, na gundi ya bei nafuu hubadilika rangi, ikachoka, ikaachia. Vaa viatu.

Upande wa viti virefu utataka jiwe litokeze hewani ili magoti ya wageni yapate nafasi. Mili 20 usiivushe sentimita 20 bila kuiwekea vyuma vya kuishikilia. Mili 30 inaweza kufika 30 hivi. Wewe utataka 40. Fundi atakwambia itakaa. Hesabu yake haina mjomba wako, ambaye siku ya Idi atapanda na kuketi papo hapo, sahani mkononi.

Ukionyeshwa jiwe la kutengenezwa kiwandani, jeupe, lisilo na doa, kumbuka kwamba karibu sehemu moja ya kumi yake ni gundi ya plastiki, na jua huigeuza manjano. Muuzaji ataapa kwamba lake halibadiliki. Anasema kweli: lake liko dukani, chini ya taa.

Siku ya kukata tundu la sinki, simama karibu. Utamwona kijana akimiminia diski maji kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, na fundi akifuata mistari ya penseli kwa grinda, uji wa vumbi ukimrukia magotini. Mtazame akifika kwenye kona. Grinda haijui kukunja. Hupitiliza mstari kidogo, na mkato ule mdogo ndipo ufa utakapozaliwa. Mwombe atoboe kona ziwe za mviringo kwanza. Atakubali kwa heshima zote, kisha atapitiliza. Kipande kinachobaki mbele ya sinki kina upana wa vidole vinne, na hapo mili 30 yako haina ubabe wowote. Jiwe libebwe likiwa limesimama, kama kioo. Watalibeba likiwa limelala, kwa kuwa ni wewe utakayekuwa ukipiga kelele kwamba mvua inakuja.

Jambo dogo: mwambie achonge kijifereji chini ya ukingo ili maji ya mvua yadondoke, yasirudi ndani kwenye makabati. Atauliza cha nini. Makabati yakivimba, atauliza tena.

Mwisho ni matumizi. Wageni wakifika, jiko la mkaa litawekwa chini, pembeni ya kaunta, kwa kuwa upepo wa pale unaeleweka. Mama mkwe atavuta mbuzi akune nazi, na vitunguu vitakatwa kiganjani kama siku zote. Saa sita jiwe jeusi litakuwa limeshika jua kiasi kwamba hakuna atakayeweka mkono. Juu yake zitakaa chaja za simu, chupa ya chai na kreti mbili za soda. Kwa mzigo huo mili 20 ilitosha. Ila kreti zisipelekwe upande wa viti virefu. Hapo amekaa mjomba.