Sifa za Kishale Kirukacho

Enyi mnaotafuta subira, njooni mketi mbele ya kishale cha programu ya kuandikia msimbo. Shikilia Ctrl, bonyeza mshale wa kulia, nacho kitaruka hadi mwisho wa neno. Na neno, kwa programu nyingi, ni herufi zozote zilizoshikana. Sasa lugha ya Java, iliyotoka 1995, inapenda maneno yashikane, kila moja na herufi yake kubwa. Na ndani ya maktaba yake ya Swing limo jina InternalFrameInternalFrameTitlePaneInternalFrameTitlePaneMaximizeButtonWindowNotFocusedState. Herufi 92. Unataka kufuta Title moja tu? Kishale kitakuweka mwanzo au mwisho. Katikati nenda kwa miguu, herufi moja moja. Hapo ndipo ulipo utukufu wake. Avukaye jina hilo kwa mshale ni kama aliyefunga bila kula daku. Anagundua kuwa InternalFrame imo mara tatu, jambo ambalo sidhani aliyeliandika alilijali. Anapitiliza, anarudi, anapitiliza tena. Chai inapoa, nafsi inatakasika.

Kinafundisha historia pia: programu za kuandikia vi na Emacs, wazee wa 1976 wote wawili, hawajaafikiana neno linaishia wapi. Kistari cha chini vi hukiruka, Emacs husimama. Tena kinakomaza kidole. Dawa ipo, Emacs ina subword-mode ya kusimama kwenye kila herufi kubwa, ila huja imezimwa. Thawabu hazigawiwi ovyo.

Lakini jamani, kishale kimekosa nini? Majina hayajiandiki! Nimekaa vikao vya kutafuta jina moja tu la faili. Mhasibu anataka “malipo” iwemo. Mtu wa masoko anataka “mteja”. Bosi, aliyeingia kikao kikikaribia kufungwa, anaongeza “mpya” naye aonekane amechangia. Hakuna anayekubali neno lake litoke, basi yanaingia yote: malipoYaMtejaMpyaYaliyothibitishwa. Mwakani linazaliwa la pili, lenye 2 mkiani, maana hakuna mwenye ubavu wa kufuta la kwanza. Na si kwetu tu. Kile kiwezeshacho ukurasa wa wavuti kuomba data bila kupakiwa upya kinaitwa XMLHttpRequest: XML kubwa tupu, Http kubwa moja. Kanuni mbili, jina moja, na kwa kuwa kurasa zisizohesabika zinalitegemea, ndiyo imetoka hiyo.

Kikao kikiisha, wajumbe husaini posho. Katika wote waliosaini, hakuna hata mmoja atakayelichapa jina lile.