Marehemu Anakula Michembe

Kumlilia mtu ukurasa wa 90, ukakunja kona ya karatasi, ukalala na huzuni, kesho yake ukafungua ukurasa wa 91 na kumkuta marehemu amekaa anatafuna michembe: msomaji wa riwaya za vita anaijua fedheha hiyo, na machozi hayarudishwi. Lawama humwangukia mwandishi, kwamba kaikatakata hadithi kama kuku wa harusi. Kumbe mkosaji ni -ka-. Kiswahili kimetulea na kiambishi kisichojua kurudi nyuma, kama ng'ombe aliyekwisha kuliona zizi: akaamka, akala, akaondoka, akafa. Baada ya hapo, -ka- inayofuata ni ya mazishi. Kurudi kunataka "alikuwa ame-", na hakuna mwandishi wa kuibeba hiyo kurasa 40. Huiweka katika sentensi mbili mlangoni, kisha anaendelea na -li- yake ya kawaida. Zikikupita hizo mbili, imekupita miaka 10.

Na vita vyenyewe, tuseme Vita vya Kwanza vya Dunia, vilifuata mpangilio gani? Ulaya mizinga ilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alisalimisha jeshi lake tarehe 25, Abercorn, yaani Mbala ya leo, Zambia. Habari zilikuwa zimechelewa njiani. Sasa mpagazi aliyeanguka na mzigo wake tarehe 12, tuseme alikufa vitani au wakati wa amani? Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), anamwacha Ilyas aende kuwapigania Wajerumani, anamgeukia Hamza, kijana mwingine wa jeshi hilohilo, na yaliyompata Ilyas anayaficha hadi kurasa za mwisho. Walioachwa nyumbani walisubiri vivyo hivyo. Mfululizo ulionyooka ni wa jemadari mwenye kalenda mezani.

Atasema mtu: basi Gurnah asitupe akina Ilyas wawili, mjomba na mpwa! Pingamizi hilo lisitoke Bariadi, Usukumani, ambako Masanja babu na Masanja mjukuu wanaishi kaya moja bila kuchanganywa. Tena mzee akianza Vita vya Kagera pale shikome, kwenye moto wa jioni, atapitia njaa ya utotoni, atakaa kidogo kwenye bei ya pamba, ndipo amfikie Amin, na hakuna anayemwuliza yuko mwaka gani. Masikio yanaweza, macho ndiyo yanayodeka.

Linalouma ni jingine. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi za askari wale. Riwaya yao imeandikwa kwa Kiingereza.